Odi ya Pindar, ya Horace au odi huria: namna ya kuzitambua na kuchagua ya kuandika

Ukiambiwa kwamba shairi fulani ni odi, unachojua kwa hakika ni kimoja tu: kuna mtu au kitu kinachosemeshwa kwa heshima, na shairi limekikazia macho tangu mwanzo hadi mwisho. Mengine yote hubadilika. Kuna odi iliyotungwa iimbwe na kwaya huku ikicheza mbele ya umati. Kuna odi ya mishororo minane ambayo ungeweza kumnong'onezea rafiki. Kuna nyingine inayopanda na kushuka kurasa kadhaa bila ubeti wowote kufanana na mwenzake. Anayetafuta alama moja ya kuzitambua zote atachoka bure, kwa kuwa alama hiyo haipo.

Napendekeza maswali mawili, yaulizwe kwa mpangilio huu. La kwanza ni la macho: beti zinafuatana vipi? La pili ni la sikio: msemaji anamsemesha nani, umati au mtu mmoja? Kichwa cha shairi kiache kando mpaka uyamalize yote mawili. Katika karne ya 17 na ya 18 washairi wengi wa Uingereza waliziita "za Pindar" odi ambazo Pindar mwenyewe, mshairi wa Ugiriki ya kale, asingezitambua. Na shairi la John Keats kuhusu majira ya majani kupukutika, ambalo wasomaji wengi huliweka mbele ya odi zake zote, halina neno odi katika kichwa chake.

Anza kwa kuhesabu

Shika penseli, hesabu mishororo ya kila ubeti, andika tarakimu pembeni. Tarakimu ileile ikijirudia toka juu mpaka chini, na mishororo ikilingana urefu kutoka ubeti hadi ubeti, uko kwa Horace, mshairi wa Roma ya kale. Ukiona beti mbili zinazolingana, ya tatu imejitenga, kisha mpango huo wa tatu tatu ukarudiwa, uko kwa Pindar. Tarakimu zikikataa kurudi kabisa, mkononi una odi huria.

Chukua odi mbili za Thomas Gray zilizochapishwa mwaka 1757. Ile inayoeleza safari ya ushairi kutoka Ugiriki hadi Uingereza inakupa 12, 12, 17. Tena 12, 12, 17. Tena 12, 12, 17. Jumla ni mishororo 123. Ile ya pili, ambamo mshairi mzee wa Wales anamlaani mfalme akiwa juu ya jabali, inakupa 14, 14, 20 mara tatu, mishororo 144. Hata asiyejua Kiingereza angeweza kuitambua aina yake kwa kuhesabu tu. Naipenda sana hatua hii kwa sababu haimbagui msomaji. Haidai usomi, inadai uangalifu.

Kuhesabu kuna mpaka wake, lakini. Beti mbili zenye mishororo 12 kila mmoja hazijawa pacha mpaka mshororo wa tatu wa huku ulingane na wa tatu wa kule, wa nne na wa nne, na vina vikae mahali pamoja. Hapo ndipo wengi waliotaka kumfuata Pindar walipoishia njiani.

Pindar: sauti ya watu wengi

Pindar alizaliwa karibu na Thebes, Ugiriki, yapata mwaka 518 kabla ya Kristo. Odi zake za ushindi zimetufikia katika vitabu vinne, na kila kitabu kimepewa jina la michezo yake: Olympia, Pythia (iliyofanyika Delphi), Nemea na Isthmus. Alikuwa akiagizwa na kulipwa. Mtu akishinda mbio za magari ya farasi, ndondi au mieleka, familia yake au mji wake ulimwita mshairi, naye akatunga wimbo wa kwaya wenye ngoma na muziki.

Muundo wake unatokana na uimbaji huo. Kuna strofi, kuna antistrofi yenye mizani sawa na strofi, kisha kuna epodi yenye mizani yake peke yake. Kwa maelezo yaliyopokewa tangu kale, kwaya ilisogea upande mmoja ikiimba strofi, ikarudi upande wa pili kwa antistrofi, ikasimama wakati wa epodi. Ben Jonson alipotunga odi ya namna hii mwaka 1629 kuwaenzi marafiki wawili, mmoja wao akiwa amefariki, aliandika juu ya kila sehemu maneno yanayoonyesha mwendo huohuo: kugeuka, kugeuka tena, kusimama. Fungu hilo la beti tatu linaweza kurudiwa mara nyingi atakavyo mtunzi. Odi ndefu kuliko zote za Pindar, iliyotungwa kwa ajili ya mfalme Arcesilas wa Cyrene aliyeshinda mbio za magari mwaka 462, ina mafungu 13. Zipo chache zake zisizo na epodi, ambazo hurudia ubeti wa aina moja tu. Hizo zitambue kwa sikio.

Na sikio linasikia nini? Kwanza, majina: mshindi, baba yake, mji wake, mashindano yenyewe. Pili, kisa cha mashujaa au miungu kinachoingia ghafla, mara nyingi bila kubisha hodi. Katika odi aliyomtungia Hieron wa Syracuse, ambaye farasi wake alishinda mwaka 476, wimbo unaanza kwa kusifu maji na dhahabu, unamfikia farasi, halafu unarukia hadithi ya shujaa Pelops na kukaa humo kwa muda mrefu kabla ya kurudi kwa Hieron. Tatu, semi nzito kuhusu udogo wa binadamu. Sifa za Pindar daima zina onyo ndani yake: umeshinda, lakini wewe si mungu. Msomaji akilikosa onyo hilo ataona kujipendekeza kwa matajiri, na atakuwa amepoteza kilicho bora zaidi katika odi hizi.

Horace: sauti ya mtu na mwenzake

Horace, Mroma aliyeishi toka mwaka 65 hadi mwaka 8 kabla ya Kristo, alitoa vitabu vitatu vya odi mwaka 23 na kuongeza cha nne baadaye. Zote pamoja ni 103. Hakubuni mizani mpya. Aliichukua ya Sappho na Alcaeus, washairi wa kisiwa cha Lesbos, akaifundisha Kilatini. Ubeti wa Sappho, kama Horace alivyouandika, una mishororo mitatu ya silabi 11 na wa mwisho wa silabi 5. Ubeti wa Alcaeus una 11, 11, 9 na 10. Mzoefu wa kuhesabu mizani ataelewa mara moja uzuri wa ubeti wa Sappho: mishororo mitatu inakwenda kwa mwendo mmoja, kisha wa nne unakatika mfupi, na mkato huo ndio unaobaki sikioni.

Hapa hakuna kwaya. Kuna mtu anayezungumza na mwingine kwa jina. Anamwambia Leuconoe aache kuwauliza wapiga ramli atakufa lini, aikamate siku ya leo. Anamwambia Licinius asikimbilie bahari kuu kila mara, wala asing'ang'anie ufuko wenye miamba kwa kuogopa tufani. Anamwambia Postumus kwamba miaka inateleza, na kwamba ucha Mungu hautachelewesha makunyanzi. Mambo anayoyasifu ni kiasi, urafiki, chemchemi, mvinyo, shamba. Hata anaposifu watawala, sauti haipandi sana.

Bahati yetu ni kwamba ulinganisho wa Pindar na Horace ulishafanywa na Horace mwenyewe, katika odi ya pili ya kitabu cha nne. Anasema anayejaribu kushindana na Pindar anaruka kwa mbawa zilizogandishwa kwa nta, kama Icarus wa hadithi za Kigiriki aliyeanguka baharini, naye ataipa bahari jina lake. Pindar ni mto unaoporomoka toka mlimani, umefurishwa na mvua, umevunja kingo. Mimi, anasema, ni kama nyuki mdogo anayehangaika kukusanya utamu wa maua kando ya vijito, natunga polepole na kwa taabu. Na haya yote ameyasema katika ubeti wa Sappho, mtulivu, usiozidi hata kwa silabi moja. Sijui ukurasa mwingine unaozitenganisha aina hizi mbili vizuri kuliko huo.

Jambo moja, odi tatu

Maelezo peke yake hayamfikishi mtu mbali. Nimetunga vipande vitatu juu ya tukio moja, mtu ameshinda mbio, ili tofauti ionekane kwenye maneno yenyewe. Wagiriki na Waroma walipima urefu wa silabi, ndefu na fupi. Mimi nimebakiza hesabu ya mizani tu.

Kwa Pindar, fungu moja. Strofi na antistrofi zina mizani 8, 8, 12. Epodi ina 7 kila mshororo:

Pazeni sauti, enyi
mliosimama hapa:
mwana wa mji wetu kashinda mbio!

Babu zake nao kale
walikimbia na simba,
wakaipata nchi kwa kasi hiyo.

Lakini binadamu
ni mgeni wa siku;
nguvu zake ni deni
kwa aliyezitoa.

Kwa Horace, ubeti wa Sappho, 11, 11, 11, 5. Vina nimeviongeza mwenyewe, maana Kilatini cha Horace hakikuvihitaji:

Usijivune, rafiki, kwa taji;
jani lake kesho litanyauka.
Njoo uketi hapa, tunywe maji;
jua lashuka.

Walioshangilia wamekwenda,
wimbo wa jina lako umekwisha.
Sikia moyo wako unadunda;
hilo latosha.

Na odi huria:

Alikimbia,
na vumbi likakimbia nyuma yake,
na barabara ikakimbia nyuma ya vumbi,
hadi sikujua
nani anamkimbiza nani.
Ee kasi!
Ulikuwa nami nilipokuwa mtoto,
ulipanda nami ukuta, ukashuka nami mtoni;
sasa nakutazama ukipita
kwenye miguu ya mwingine.

Tazama kinachosemeshwa katika kila kipande. Cha kwanza kinaita umati, na mshindi anatajwa kama mali ya mji. Cha pili kinamwita mshindi mwenyewe, pembeni, baada ya watu kuondoka. Cha tatu kinamwacha mshindi na kuisemesha kasi, halafu kasi inamrudisha msemaji kwake mwenyewe. Mgeuko huu wa mwisho ni dalili ya odi huria ninayoiamini zaidi kuliko hesabu ya mishororo: jambo la nje linafungua jeraha la ndani, na shairi linafuata jeraha.

Odi huria ilivyozaliwa

Mwaka 1656 Abraham Cowley alichapisha odi alizoziita za Pindar. Alipenda moto wa Pindar, miruko yake, sentensi zake zinazovuka ubeti. Ulinganifu wa strofi na antistrofi haukumshughulisha. Alitunga beti za urefu wowote, mishororo mirefu na mifupi ikichanganyika, vina vikija popote vilipotakiwa. Wengi wakamfuata, kwa kuwa njia ilionekana rahisi. Mwaka 1706 William Congreve aliandika kulalamika kwamba Pindar hakuwa hivyo hata kidogo. Hakuna mtunzi aliyeshika kanuni kwa ukali kumzidi. Alisema kweli. Hata hivyo aina mpya ilikuwa imekwisha kuzaliwa, na ikazaa watoto wazuri. John Dryden aliitumia katika odi yake ya mwaka 1697 juu ya nguvu ya muziki, ambamo mwanamuziki anamgeuza mfalme Alexander moyo mara anavyotaka, na mizani inabadilika kila hisia inapobadilika.

Kilele chake, kwa maoni yangu, ni odi ya William Wordsworth kuhusu utoto na kutokufa, iliyochapishwa mwaka 1807. Ina beti 11 na hazilingani. Beti nne za kwanza zinaishia kwenye swali: mwanga ule niliouona utotoni umekwenda wapi? Aliliacha swali hilo bila jibu kwa muda mrefu kabla ya kuandika beti zilizobaki, na ukisoma unausikia ufa huo. Mpango wa beti sawa ungeuziba. Ndiyo sababu nasema odi huria ina haki yake pale tu ambapo fikra yenyewe imevunjika na kuungwa njiani.

Msomaji asichanganye odi huria na mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani. Odi za Cowley, Dryden na Wordsworth zina vina kila mahali. Kilicholegezwa ni mpango wa vina na urefu wa mishororo. Na ikiwa mtunzi amelegeza tu kwa kushindwa kubana, alichotunga ni guni, shairi lisilotimiza kanuni, lililopewa jina kubwa. Jaribio lake ni jepesi: ukate ubeti mmoja mrefu katikati. Usipoona kilichoharibika, urefu ule haukuwa na sababu.

Zile zinazobishana

Odi za Keats za mwaka 1819 ndizo zinazoleta mabishano mengi darasani. Odi yake kwa ndege aimbaye usiku ina beti nane za mishororo kumi kumi, vina vikiwa ABABCDECDE (herufi ikirudi, kina kinarudi), na mshororo wa nane wa kila ubeti umefupishwa. Odi kwa mtungi wa Kigiriki ina beti tano za kumi, ingawa mpangilio wa vina unayumba kidogo katika mishororo sita ya mwisho ya kila ubeti. Ile ya majira ya majani kupukutika ina beti tatu za 11. Kwa hesabu, zote ziko kwa Horace, na hapo ndipo ninapoziweka. Ni kweli kwamba zinawaka zaidi ya Horace, na kwamba msemaji wake hana rafiki wa kumshauri, yuko peke yake na kitu anachokitazama. Baadhi ya walimu huzipa fungu lake. Sioni ubaya, mradi mwanafunzi aelewe kwamba fungu hilo limetengwa kwa sauti, si kwa muundo. Odi ya Keats kwa Psyche, mungu wa kike wa hadithi za kale, iliyo miongoni mwa za mwaka huohuo, haina beti sawa. Hiyo ipeleke kwa odi huria bila kusita.

Percy Shelley, odi kwa upepo wa magharibi: sehemu tano, kila moja mishororo 14, vina vikiwa vimesukwa ABA BCB CDC DED EE. Ulinganifu wake hauna dosari. Lakini sauti ni ya kuita, ya kuapiza, ya mtu anayetaka dunia nzima imsikie. Muundo wa Horace, pumzi ya Pindar. Ukitakiwa kujibu kwa neno moja, jibu kwa muundo. Ukipewa nafasi ya sentensi mbili, taja vyote.

Andrew Marvell anafundisha kinyume chake. Mwaka 1650 alitunga odi ya Kihorace kuhusu Oliver Cromwell, jemadari wa Uingereza, kurudi kutoka Ireland. Mada ni ya umati, vita na dola, ambayo Pindar angeipigia ngoma. Marvell anaitia katika mishororo miwili mirefu na miwili mifupi, tena na tena, na wakati anamsifu Cromwell anampa mfalme aliyekatwa kichwa heshima ya namna alivyoinamisha kichwa chake. Kupima pande mbili bila kupaza sauti ndiyo Horace hasa.

Horace naye aliwahi kuvuka mpaka: mwaka 17 kabla ya Kristo alitunga wimbo wa sherehe za dola ulioimbwa na kwaya ya wavulana 27 na wasichana 27. Ubeti ulikuwa wa Sappho uleule.

Kisha kuna Pablo Neruda wa Chile. Odi zake za mambo ya kila siku, zilizoanza kutoka kitabuni mwaka 1954, zinasifu kitunguu, nyanya, chumvi, soksi. Mishororo ni mifupi mno, mara nyingine neno moja, na hakuna vina. Ziko upande wa huria, tena zimekwenda mbali zaidi ya Cowley. Lakini sikiliza heshima anayoipa nyanya: ni ileile Pindar aliyompa bingwa. Amehamisha taji tu.

Uchague ipi?

Kama shairi litasomwa hadharani, kwa mahafali, kumbukumbu ya marehemu au kumpongeza mtu mbele ya watu wake, chagua Pindar, hata kwa fungu moja tu la beti tatu. Wape wasomaji wawili strofi na antistrofi, wote wasome epodi pamoja. Masharti yake ni mawili: uwe na kisa cha kuingiza katikati, na uwe na ujasiri wa kuweka onyo ndani ya sifa. Bila kisa, antistrofi itarudia strofi kwa maneno mengine, na hadhira italijua hilo kabla yako.

Kama unajifunza, anza na Horace. Nalisema hili bila kusitasita. Ubeti mmoja ukishakubalika, wa pili unakulazimisha kufikiri, maana huwezi kukimbilia urefu mwingine neno likigoma. Chagua mtu halisi wa kumsemesha, mpe jambo moja la kufanya leo, na uuache mshororo mfupi wa mwisho ubebe uzito. Beti nne hadi sita zinatosha kabisa.

Odi huria iendee ukiwa na swali ambalo hujalijibu. Njia ninayoipendekeza ni kuandika rasimu ya kwanza katika beti sawa, zozote utakazo. Weka alama kila mahali ambapo ubeti umekubana ukatupa neno la kweli na kuweka la kujazia. Hapo, na hapo tu, urefushe au uufupishe mshororo. Beti nyingine ziache zilivyo.